Mgongo wa Hollis

Verlene, shoga yangu, shika simu! Hollis amenisaliti. Hollis wangu!

Asubuhi alijishika kiuno, akasema, "Mama watoto, leo mgongo umekataa. Nenda peke yako ukawashangilie vijana wa chuo kwenye besiboli." Nikamchua kwa mafuta, nikamwachia supu ya kuku, nikaja uwanjani.

Niko nyuma ya uzio wa uwanja, mashabiki tunapochomea nyama huku tukitazama mechi, pale pale petu, nachoma mbavu. Kofia yake nimeiweka kitini pake asikae mtu, kama kawaida yetu.

Clovis, anayechoma jiko la jirani, alikuwa anatazama mechi ya Atlanta, ile timu ya kulipwa, kwenye simu. Mara akaguna. "Shemeji, hebu njoo. Huyu si mzee wako?"

Ni yeye! Yuko Atlanta, jukwaani kati ya mashabiki, kofia ya timu ya kulipwa kichwani, anaruka. Anaruka, Verlene, na mgongo ule ule!

Yeye aliyekuwa akisema, "Wale wanacheza kwa ajili ya mshahara. Besiboli ya moyo iko hapa Mississippi, kwa watoto wetu." Yeye aliyeninunia siku nzima nilipoulizia tu matokeo ya Atlanta!

Nikampigia. "Mgongo vipi, baba?"

"Afadhali kidogo. Nimelala tu."

"Na hizo kelele?"

"Televisheni, mpenzi."

Televisheni! Nikakata.

Kofia nimeiondoa kitini. Kulikuwa na bibi mmoja, shabiki wa wapinzani wetu, amesimama juani na jezi yao. Nimemkalisha pale pa Hollis. Sasa hivi anakula mbavu za Hollis, na nimemwongezea mchuzi.