Baba, Shangazi Amepokea Isale

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisipokuamkia nitasikia aibu kuendelea. Nakuandikia kutoka chumbani kwangu hapa Moshi mjini, asubuhi. Nitakueleza kila kitu kwa mpangilio. Nikikurukia na neno lenyewe naogopa nitaandika matusi, na mtoto hamtukani baba yake hata akiwa kaburini.

Kwa hiyo nianzie mahali ulipokuwa mzuri.

Unakumbuka ulipokuja Dar kwenye onyesho la mitindo la kwanza kubwa nililopiga picha? Ulivaa koti lako la kijivu la kanisani, kwenye joto lile, ukakataa kulivua. Nikakuingiza nyuma ya jukwaa nikuonyeshe ninapofanyia kazi. Kule wasichana wanavua gauni moja na kuingia lingine kwa dakika moja, na hakuna mwenye muda wa kutafuta pazia. Ulipoona hivyo ukageukia ukuta. Ulisimama saa nzima unatazama rangi ya ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Wale wasichana na adabu zao wakawa wanapita nyuma yako, "Shikamoo baba, shikamoo baba," nawe unauitikia ukuta, "Marahaba. Marahaba mwanangu." Nilicheka mpaka nikaharibu picha za watu.

Tulipotoka ukaniambia, "Kazi yako nzuri. Ila mtu akivaa, mtazame usoni kwanza. Nguo haina aibu, uso unayo." Neno hilo ndilo linalonipa mkate, baba. Wenzangu kwenye mitindo wanapiga kiuno na mikunjo ya kitambaa, mimi napiga uso, na watu wananitafuta kwa sababu hiyo. Kila nikiulizwa nani alinifundisha kazi, ninakutaja wewe. Nimekutaja miaka yote hii, kifua mbele.

Sasa sikiliza.

Wiki hii nilipata kazi ya mbunifu mmoja wa Dar, dada mwenye haraka zake, ameshona makoti ya kitenge ya watu wa baridi. Akasema anataka picha za Kilimanjaro ila hataki mlima, mlima kila mtu anao. Anataka watu. Nikampa wazo la soko la Kiboriloni, kwenye meza za akina mama wa ndizi. Jumanne nikapanda Machame kumsalimia Elisante, maana tangu umwachie kihamba, nyumba na migomba yake, ananilaumu kwamba siendi. Nilipokuwa naondoka nikaona majani ya masale yanayozunguka kaburi lako na la Mama yamestawi, kijani kinang'aa. Nikalifikiria koti moja jekundu la yule mbunifu. Nikachukua kisu nikakata.

Ndiyo. Nilikata masale ya kaburini kwako nikayapakia kwenye gari pamoja na taa zangu. Elisante alisimama na debe la maziwa mkononi, akauliza, "Dada, hayo ya nini?"

"Ya picha."

"Haya," akasema. Unamjua mwanao, akisema "haya" ujue ameona kitu akaamua kunyamaza.

Usiniulize kama sikujua. Nilijua jani la isale ni la mpaka na la kaburi. Nilijua pia kwamba mtu aliyekukosea akikuletea isale, amekuja kuomba msamaha, na Mchagga halikatai. Lakini nilijua kama anavyojua mtu aliyepelekwa bweni tangu darasa la tano, kwa kusimuliwa. Sijawahi kuona likitolewa. Kwangu lilikuwa jani zuri.

Shangazi Aikande, dada yako mliyefuatana kuzaliwa, nilibaki kumjua vilevile, kwa kusimuliwa. Ulituambia ana roho ngumu. Hakuja kumzika Mama, hakuja kukuzika wewe, na kila mara tulisema, mnaona, Baba alisema kweli. Nilijua anauza ndizi Kiboriloni. Nikipita namwamkia, ananiitikia bila kunitazama, naenda zangu.

Jumatano mbunifu akapita kwenye meza akichagua nyuso, akamnyooshea kidole yeye. "Huyu. Ona hilo paji la uso." Ni paji lako, baba. Nikamwambia huyo ni shangazi yangu na hatakubali. Nikaenda kumwomba ili tu akatae mwenyewe. Akaniuliza afanye nini. Nikamwambia akae palepale mezani kwake, modo, binti mvaa koti, atampa majani, yeye apokee.

Akayatazama. "Yametoka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa Baba. Pale kaburini."

Akajifunga kanga yake upya, akaketi wima, akasema, "Haya, fanyeni."

Modo wetu ni mtoto wa Mwanza, mpole, ila anatoa jani kwa mkono mmoja kama anayerudisha chenji. Na upepo ulikuwa unayachezea. Nikachagua jani moja refu nikalipiga fundo ili litulie. Bado mkao haukukaa. Ndipo nikafanya ninachofanya kila siku kazini. Nikampa kamera Juma, mwenzangu wa taa, nikamwondoa yule binti, nikasimama mahali pake kumwonyesha. "Hivi, mdogo wangu. Mikono miwili. Piga goti. Mtazame usoni."

Nikapiga goti mbele ya dada yako, baba, katikati ya soko la Kiboriloni. Nikamnyooshea isale lenye fundo, lililokatwa kaburini kwako, kwa mikono yangu miwili.

Sisemi kwa kupamba. Mama wa meza ya jirani alikuwa ameshika mkungu, akautua chini polepole. Mwingine akajiziba mdomo kwa kanga. Shangazi akaleta mikono yake, akalichukua, akaliweka kifuani. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nielewe vizuri, "Nimelipokea. Kaka amechelewa, lakini nimelipokea. Na mwanangu amesikia." Kisha akalia, na wale akina mama wakaacha meza zao wakaja kumshika.

Nyuma yangu mbunifu ananong'ona, "Piga Juma, piga, huyu mama anaigiza kuliko modo."

Mimi bado niko chini, goti kwenye maganda. Nikauliza, kwa ujinga wangu wote, "Shangazi, mwanao yupi?" Maana sikukumbuka kama aliwahi kuwa na mtoto.

Alinitazama. Nimepiga nyuso elfu na sijawahi kutazamwa vile. "Eliamani," akasema. "Mliyekuwa mnakula naye bakuli moja."

Baba, ni Mani wetu. Mani. Nilikuwa na miaka saba, yeye minne, shangazi alikuwa amemkimbia mumewe na kuja kukaa kwetu. Mani alikuwa anatoa maharage kwenye bakuli la kiburu moja moja, ananipa mimi, anabaki na ndizi. Alimwogopa jogoo na hakumwogopa ng'ombe. Siku moja hakuwepo, wala shangazi hakuwepo, nikakuuliza, ukaniambia, "Amerudi kwa baba yake." Nilimkasirikia kwa kuondoka bila kuniaga. Nikamsahau. Miaka ishirini na saba nimemsahau mtoto mzima kwa sababu ulinipa sentensi moja nami nikaiamini.

Shangazi alinisimulia palepale, amekaa juu ya gunia, na wale mama wamemzunguka, maana wao wote walikuwa wanajua. Mani aliugua homa, akapelekwa hospitali mjini, hakutoka mzima. Akampandisha nyumbani kwa gari la kukodi, amempakata. Ulikuwa umesimama kwenye njia ya kuingia, penye masale. Ukamwambia, "Mtoto ana kwao. Hapa ni kihamba cha ukoo, hatuziki watoto wa ukoo mwingine." Akakupigia magoti. Ukamwambia hutaki kumwona tena mpaka ampeleke kwao. Akaenda kwa mumewe, nako wakamfungia mlango kwamba amemkimbia mume. Siku ya pili akamzika kwenye makaburi ya mjini, yeye na wauza ndizi wawili, kama mtu asiye na nyumbani duniani. Ndiyo maana hakurudi Machame. Hakuwa na roho ngumu.

Nilikataa kuamini kwa nusu saa nzima. Nilitaka kusema Baba yangu ni yule aliyegeukia ukuta ili asiwaaibishe watoto wa watu. Halafu nikakumbuka kitu ambacho hakuna aliyenisimulia, nilikiona mwenyewe. Siku ile Mani alipotoweka ilikuwa katikati ya wiki, nawe ukawasha pasi ya mkaa, ukapiga pasi koti la kanisani kama mtu anayejiandaa kuzika. Ukamaliza, ukarudia. Ukarudia tena, mpaka Mama akaja kukunyang'anya pasi. Mimi nilikuwa mlangoni na kikombe cha maziwa. Kwa hiyo ulijua. Ulijua siku ileile ulichofanya, ukaishi nacho, ukala Krismasi nasi, ukanifundisha kutazama watu usoni. Ungekuwa katili tu ningeelewa. Na Mama naye sina pa kumuuliza.

Jumatano na Alhamisi sikula. Mbunifu alinipigia akitaka ile picha ya Juma iwe ya tangazo, nikamwambia haipo, akaniambia kazi nayo haipo. Sawa. Kilichokuwa kinanisumbua ni kingine. Shangazi alikuwa amesamehe kwa sababu aliamini nimetumwa, au nimekuja kwa niaba yako. Na mimi nilikuwa napiga picha za makoti. Nikinyamaza, nimeiba msamaha. Nikisema, namnyang'anya kitu cha kwanza alichopewa na familia hii.

Jana Ijumaa nikaenda kwake, chumba nyuma ya soko. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote bila kumeza neno. Kwamba sikujua habari ya Mani. Kwamba fundo, ambalo kumbe ndilo alama ya kuomba msamaha, nililipiga kwa ajili ya upepo. Kwamba lilikuwa pozi, nilikuwa namwonyesha modo. Nikamwambia, "Shangazi, kama unataka kulirudisha, ni haki yako."

Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya. "Mwanangu," akasema, "mimi si kipofu. Kamera niliiona. Taa niliziona. Yule binti aliyevaa koti juani nilimwona."

"Sasa kwa nini ulilipokea?"

"Nimelingoja miaka ishirini na saba. Baba yako amekufa, mama yako amekufa. Nani mwingine angelileta? Limetoka kaburini kwake, limeletwa na damu yake, limepigiwa goti." Akatupa ganda. "Hamkunipa. Nimelichukua mwenyewe. Nilichoka kumbeba yule mtu."

Nilijiona mtu wa maana niliyekuja kukiri, kumbe yeye alikuwa ameshamaliza kazi yote peke yake, mbele ya macho yangu, na mimi ndiye nisiyeona. Nikamuuliza kuna kitu gani tunaweza kufanya. Hapo ndipo mkono wake ulipotulia juu ya kisu. Akasema anataka Mani apande nyumbani, hata kama ni udongo tu wa pale alipolala.

Nilimpigia Elisante nikiwa palepale. Kihamba ni chake, na neno lako la siku ile lilikuwa bado ni sheria ya kihamba hicho. Nikamweleza. Nikasikia debe la maziwa likitua chini. Kisha akasema, "Nitachimba mwenyewe. Mwambie shangazi aje na watu wake wote wa sokoni."

Basi hivyo ndivyo ilivyo, baba. Shangazi amekusamehe, na msamaha huo ni wake, siwezi kuuvaa. Mimi bado. Nimeduwaa mno hata hasira haijanifikia vizuri, ila naiona inakuja. Nakupenda, na hilo linaniumiza zaidi, maana sijui nilipeleke wapi. Labda siku moja nitakuja nikae pale kaburini tuongee. Kwa sasa nitakuja kwa ajili ya mtu mwingine.

Tunamleta Mani Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Mama yuko kulia kwako. Kushoto kwako kulikuwa na nafasi ambayo Elisante alijiwekea, ameitoa. Mtoto atalala hapo, karibu nawe kabisa. Akifika, baba, usimuulize kwao ni wapi.

Ni mimi,
dada yake Eliamani.