Mti Uliolifuata Gari

Kibeta, Bukoba

Mke wangu Salma,

Kabla ya yote, u hali gani, na huyo uliyembeba ana hali gani? Mama naye, mgongo umemwachia? Mimi mwili hauna neno, ila roho haitulii. Ukiona mwandiko umepinda, ujue nimeinuka kwenda dirishani bila sababu. Najua umenipigia hadi umechoka, na pengine umeshaniwazia mabaya. Simu yangu imeshikwa kijijini, huko Muleba. Soma hadi mwisho ndipo ukasirike.

Unakumbuka nilikwambia gari letu la kukusanyia kahawa limefungwa winchi mpya, ile mashine ya mbele ya kujivuta likikwama? Hii haina rimoti ya waya, inaendeshwa kwa simu. Unafunga waya wa chuma kwenye mti, unajitenga mbali usije ukakatika ukakuchapa, unabonyeza kwenye kioo, na gari linajivuta lenyewe. Nilijidai nayo sana, wewe mwenyewe ulinicheka.

Basi nikakwama, mvua inamwagika. Tope la huku si la Kondoa, likikushika limekushika. Nikaona mti pembeni mwa migomba, nikaufunga waya, nikavuka barabara na kujikinga, macho kwenye simu. Nikabonyeza. Waya ukawa unafupika, nikafurahi, nikajua gari linatoka. Kumbe gari halikusogea hata kidogo. Mti ndio uliokuwa unalifuata gari, na mizizi yake yote, ukilaza mibuni njiani. Kwa winchi ya zamani ningekuwa karibu, ningesikia ardhi ikipasuka. Safari hii nilisikia mvua tu kwenye majani ya migomba.

Salma, haukuwa mti wa hivihivi. Wahaya wanauita omulamula, wanaupanda mpakani kati ya kibanja na kibanja, na kibanja huku ndiyo nyumba, ndiyo chakula, ndiyo makaburi ya wazazi. Ule ulisimama kati ya mjane mmoja, Ma Veneranda, na shemeji yake, Ta Deo, na ulipandwa ili wakome kugombana. Watu waliokuja kunisukuma wakakanyaga kila mahali, mvua ikafukia shimo, na alama ya mpaka ikapotea. Ta Deo hakupaza sauti. Alinyoosha mkono tu.

"Lete hiyo simu. Ndiyo iliyong'oa."

Nikamwambia mke wangu yuko karibu kujifungua. Akasema kila dereva anayekamatwa kijijini mkewe huwa mjamzito. Watu wakacheka, mimi nusura nilie. Laini yenyewe ni ya ofisi na bosi yuko Kampala, hivyo hata kuirudisha kwenye simu nyingine siwezi. Na namba yako, unisamehe, sikuwahi kuishika kichwani. Nilizoea kubonyeza jina.

Jumapili baada ya misa wazee wakakaa. Mmoja akaniuliza, "Ulipofunga waya, miguu yako ilikuwa kwa nani?"

Nikaona wote wananitazama mdomo. Neno langu moja lingempunguzia mtu shamba, nami niliogopa kweli. Nikajikumbuka nilivyoukumbatia ule mti, kiatu cha kushoto kikateleza kwenye kisiki cha mbuni.

"Mmoja kwa Ma Veneranda, mwingine kwa Ta Deo," nikasema. "Wa kushoto ulikuwa juu ya kisiki."

Wakakitafuta, wakakipata chini ya majani makavu. Basi wakanisimamisha palepale, nimetanua miguu mbele ya kijiji kizima, wakachimba katikati yake na kupanda kipande cha mti uleule. Nikanyoosha mkono nipewe simu. Ta Deo akasema bado, kwanza mti utoe jani, usije ukakauka wakaanza upya.

Tangu hapo kila nikienda kuchukua kahawa napita kuuchungulia. Umesimama tu kama mpini wa jembe. Ma Veneranda ananionea huruma.

"Pole waitu," ananiambia, yaani ndugu yetu. "Jioni nauwekea maji, shemeji asione."

Juzi akaniambia jambo lililoninyima usingizi. Simu iliita ndani ya sanduku la Ta Deo, ikaita tena na tena, kisha ikazima. Nikamuuliza ni lini, akasema Ijumaa. Salma, Ijumaa ulitaka kuniambia nini?

Nisalimie Mama, na shangazi Mwanaidi anayelala nawe siku hizi, mwambie asikuache. Msalimie na kaka yako Shabani, na umwambie mbuzi wangu asimguse kabla sijafika.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Dodoma, naye amenihakikishia itafika Kondoa. Mpe jibu huyohuyo. Niandikie namba yako kwa tarakimu kubwa, na chini yake uandike tu kama bado uko mmoja au mko wawili. Mengine nitayasikia kwa sauti yako.

Mumeo,
Idi