Karatasi ya Hospitali, Si ya Shamba

Jumapili, Mpumudde.

Wajinga kabisa. Nilipigia kaka yangu Wamono simu huko Mbale, nikasema nataka ukoo washuhudie karatasi yangu. Leo wamefika, yeye na wazee watatu, wote na kanzu, viatu inang'aa. Walifikiri nagawa shamba.

Binti yangu Nafuna akawasomea. Nikiugua nishindwe kuongea, yeye ndiye atajibu daktari. Kama hakuna kupona, wasiniweke kwa mashine, wanirudishe nyumbani.

Wamono akauliza, "Na shamba?"

"Shamba haiko hapa, bwana."

"Basi unajiitia kifo! Tena msichana ndiye aamue juu ya mwanaume wa ukoo?"

Hakuna aliyeweka sahihi. Lakini kuku tuliyowapikia waliimaliza, mpaka shingo.

Hao hao walisimama kwa kitanda cha marehemu mke wangu. Alinishika mkono, akasema nimpeleke nyumbani. Wao wakamwambia daktari aendelee na mashine. Mimi nabeba magunia ya sukari miaka yote, na siku hiyo nilikaa pale kama gunia. Akafia huko, bomba kwa koo.

Walipoondoka, jirani yangu fundi wa baiskeli akaweka sahihi. Hakuuliza shamba.

Bado naogopa. Nafuna pia. Ameniuliza, "Baba, wakinifukuza hospitali?"

Nikamwambia, "Sema karatasi ya shamba iko, na wewe peke yako ndiye unajua mahali nimeficha. Watakuletea kiti."