Rangi Mbili Kwenye Pumba

Ilembo, Alhamisi, Agosti 1996

Kikohozi kimoja tu, kikavu, kama cha mtu aliyepaliwa na unga. Bado nakisikia.

Nguruwe mmoja alikohoa kwa sababu ya vumbi la pumba. Nimemwambia Mama tangu kiangazi kianze: lowanisha pumba kwanza, ndipo uwape. Leo nimetoka kukata majani ya viazi, nikamkuta ameinamia pumba kavu horini, nguruwe wakila, anafungua vidonge vya rangi mbili, antibiotiki yangu iliyobaki ya jino, na kumwaga unga wake humo humo.

"Mama, unafanya nini?"

"Natibu. Nyie wasomi mnasubiri afe ndiyo mwandike kwenye daftari."

"Sista wa misheni anawanunua Jumamosi! Nimemwahidi hawajaonja dawa."

"Kwani Sista atawahoji nguruwe?"

Akacheka mpaka kanga ikamlegea. Wote sita walikuwa wameshakula. Miezi saba ya kubadilisha nyasi za kulalia, kusugua banda, kuwatenga wanaoumwa, ili wasihitaji dawa...

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ana hakika amenisaidia. Tena naogopa. Sista akinikatia tamaa, nani mwingine hapa Mpanda atajali nguruwe wamelishwa nini?

Sista asingejua kamwe. Hilo nililiwaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kabla jua halijazama nilipanda baiskeli hadi misheni, nikamweleza yote, nikamwambia asije Jumamosi. Niliporudi nikamwaga ndoo nzima ya maji kwenye pumba ya kesho, Mama akinitazama.