Kipima Mvua Ulichonikabidhi

Mpendwa dada Holo,

Hapa Migato wanaoongea na mbinguni moja kwa moja tulikuwa wawili tu: padri na mimi. Na padri bado anasubiri majibu! Darasa la saba nilifeli, sawa, lakini nani mwingine alilinda chombo kinachoongea na setilaiti?

Nakumbuka ulivyokuja nacho. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila mgeni hapa ana cha kuuza: mbegu, dawa ya pamba, laini ya simu. Wewe hukuuza kitu. Ulisimika kipima mvua chenye sola kwenye mlingoti, katikati ya uwanja wa mama, ukatuambia ile setilaiti ndogo mliyoiunda chuoni, saizi ya boksi la sabuni, ikipita juu itaokota hesabu ya mvua yetu ikuletee wewe Dar.

"Boksi la sabuni lijue mvua?" mama akauliza.

"Kuliko mjomba na utabiri wake wa mawingu, mama."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilikutazama tu. Huyu si ndiye aliyekuwa akimkimbia jogoo utotoni?

Ukanigeukia. "Masunga, usikisogeze hata hatua moja." Nikaapa kwa ng'ombe wote wa baba.

Msimu ulipoanza, ujumbe wako ukaingia kwenye simu za kijiji: udongo umeshiba, pandeni. Mama akapanda mahindi yote. Yakachipua, jua likayababua. Ukaja mwenyewe, ukasimama mbele ya watu: "Kosa ni langu." Dada, nimeona wanaume wenye mifugo tele wakikana mbuzi mmoja aliyeingia shamba la jirani. Wewe hukukana. Nilijivuna kuwa ndugu yako, na nilitamani ardhi inimeze.

Misimu miwili hujaja nyumbani. Mama anakuwekea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, hataki tuiguse. Anasema umeona aibu.

Aibu si yako. Ng'ombe walikuwa wanajikuna kwenye mlingoti, ukayumba, nikaogopa utaanguka. Nikauhamishia ukutani, chini ya ukingo wa bati. Niliposikia unakuja, nikaurudisha uwanjani na kufagia nyayo zangu. Setilaiti yako haikusema uongo, dada. Mvua ilikuwa rasharasha tu. Ile nyingine yote ilimwagika kutoka kwenye paa la mama.

Mdogo wako uliyemwamini,
Masunga