Ukurasa Ulionyamaza

Papa mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka Murara. Natumaini kifua cha Mama kimepoa na duka linaendelea vizuri huko Butembo. Hapa kwa Shangazi tuko wazima, ingawa mlima unatoa moshi na askari wanapita kila mara.

Ujumbe wako umefika: umesikia volkano italipuka, kwa hiyo Jumamosi dereva wetu, Papa Paluku, atakuja kunichukua. Simu yako haiingii tena, ndiyo maana namwomba sista anayepanda ndege kesho akuletee barua hii.

Papa, shuleni tumefundishwa kutumia RSS kwenye kompyuta. Unachagua kurasa unazoziamini, na kila zinapoandika jambo jipya, kichwa cha habari hiyo kinakuja chenyewe mahali pamoja. Wavulana walichagua mpira. Mimi nilichagua wataalamu wa volkano na redio ya hapa. Asubuhi tunasoma vichwa kwa sauti, na nikirudi nyumbani Shangazi ananiuliza: "Mashine yenu inasema nini, mutoto? Nifunge mizigo ama niloweke maharagi?"

Jumatatu hakikuja kitu kutoka kwa watu wa volkano. Darasa likapiga makofi.

"Mlima umelala, Monsieur!"

"Nani amewaambia?" mwalimu akauliza.

"Hakuna habari mupya."

"Basi hamujui kitu. Angalieni waliandika mara ya mwisho lini."

Kumbe ukurasa ulinyamaza tangu wiki iliyopita. Walikosa umeme. Jirani yangu wa dawati, Furaha, akacheka: "Tumepigia giza makofi!"

Leo wameandika tena. Moshi umeongezeka, lakini hawajawaambia watu wahame. Redio nayo inasema hivyo hivyo. Kichwa kilichofuata ndicho kimenitia hofu: mapigano yameanza upya kwenye barabara ya Rutshuru, na magari mawili yamechomwa. Ndiyo barabara atakayopita Papa Paluku kutoka Butembo.

Sisemi mlima hautalipuka. Hata wataalamu wanaandika kwamba hawajui. Ukilipuka, Shangazi na mimi tutatembea hadi mpakani, njia tunaijua. Papa Paluku akikutana na bunduki kule porini, atakimbilia wapi? Mzuie, Papa, tafadhali. Nami uniruhusu nibaki nifanye mtihani wa Serikali.

Msalimie Mama, mdogo wangu Kambale, na Nyanya anayetuombea. Mke wa Papa Paluku mwambie nimeuliza habari zake.

Ni mimi binti yako, ninayengoja kusikia kwamba gari halijaondoka,

Masika