Bati la Nyumba ya Mama

Jumapili jioni

Mungu wangu, nimeolewa na nani! Leo Elie wangu ameingiza picha za setilaiti za mtandaoni katika programu yake ya ramani, tutafute nyumba ya mama kule Kibumba, tuliyoikimbia mwaka jana. Nikaona bati letu, nikarukaruka.

"Tumupigie mama!"

"Ngoja kwanza, chérie. Hii picha ni ya kabla ya vita."

Nilinuna. Yeye akatafuta picha nyingine, ya mwezi huu, akaiweka juu ya ile ya kwanza. Haionekani vizuri sana, lakini bati linang'aa palepale.

Ndipo tukapiga simu. Mama alilia, kisha akacheka: "Mukwe wangu, Mungu akubariki!"

Sijui tutarudi lini. Ila mume wangu hakunipa furaha ya uongo, na leo nampenda kuliko siku ya harusi.